Kilo Mbili za Sukari kutoka Nakonde

Kalenga,
11 Februari 2023

Mdogo wangu Clement,

Kamwene. Huku tu wazima, mvua si haba na ulezi umeshika. Nakuandikia kwa mkono kama kawaida yetu, maana simu kwangu ni chombo cha bure tangu kwinini ya malaria iniharibie masikio. Mwanangu Dastan akinipigia kutoka Mlandege, Iringa mjini, nasikia nyuki tu.

Wiki mbili zilizopita walikuja watafiti. Waliwaita wazee wote wa miaka sitini na kuendelea pale ofisi ya kijiji, wakatupima damu, wakatuuliza tunakula nini na chai tunaitia sukari kiasi gani. Hapo watu walijibu vizuri. Ndipo wakagawa vikopo vyenye vifuniko, wakasema kila mmoja arudi kesho na choo chake. Clement, ungeona uwanja ulivyobaki mweupe. Mzee Silvester, mwenyekiti wetu wa kitongoji, alisema tangu azaliwe hajaona mtu anayeomba mavi kwa barua yenye mhuri, na kwamba mwenye mavi yako amekushika wewe mzima. Mimi nikachukua kikopo changu. Nikamwambia, "Mchawi atakayenitaka mimi wa miaka sitini na nane atakuwa amekosa kazi." Kesho yake nikapita nacho katikati ya barabara, kila mtu anione. Baada yangu walikuja watu kumi na wanne.

Anayewaongoza ni binti wa Kihindi, Daktari Vaishali. Wazazi wake wana duka la vitambaa mjini Iringa, na Kihehe anakisikia. Nilimuuliza choo changu kitamwambia nini. Akaniambia ndani ya utumbo mpana wanaishi bakteria wengi wasiohesabika, na wengi wao si maadui zetu. Chakula chao ni yale yanayotushinda sisi kusaga: nyuzinyuzi za ulezi, za maharage, za majani ya maboga. Wakila hayo wanatoa vitu vinavyoulisha ukuta wa utumbo. Sukari haiwafikii, inaishia kunyonywa huko juu. Kwa hiyo mtu wa chai tamu, maandazi na soda anashiba yeye, wao wanalala njaa. Nikauliza, wakiwa na njaa wanafanya nini? Akasema kwa wanyama waliopimwa imeonekana wanaanza kula ule ute unaoulinda utumbo. Ukuta ukichakaa, uchafu unapenya kwenye damu, na mwili unabaki unaungua polepole bila moshi. Mwili wa namna hiyo unazeeka kabla ya siku zake. Akaongeza kwamba kwa binadamu bado wanachunguza, hawezi kuniapia. Nilimpenda kwa hilo. Mtu anayejua kila kitu hunitia shaka.

Sasa nakuuliza wewe. Hospitali walikuambia mwaka juzi kwamba una kisukari. Chai yako unatia vijiko vingapi? Na mguu, mbona Krismasi Dastan aliniambia umeuburuta ulipomsindikiza kituoni?

Nimempa kondakta wa basi la Mbeya kilo nne za unga wa ulezi. Uule.

Dada yako,
Yusta


Iyunga, Mbeya,
27 Februari 2023

Dada Yusta,

Shikamoo. Unga umefika, kondakta hakuupunguza.

Vijiko vitano. Umeuliza, nimekujibu.

Dada, nimelala chini ya mabehewa miaka thelathini na tisa nikitengeneza breki. Nimetii filimbi, nimetii saa ya stesheni, nimetii mabosi wa kila kabila. Nikastaafu ili nisitii tena. Leo unataka nitii wadudu walioko tumboni mwangu? Kama wana njaa, waje mezani waombe kama watu wengine.

Huyo daktari wako namheshimu, amesoma. Lakini wewe kuliko mtu yeyote duniani unajua kwa nini chai yangu ni tamu. Au umesahau mwaka themanini na tatu? Mama amelala hawezi kuinuka, anataka chai, na Iringa nzima hakuna sukari wala sabuni. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nikavuka Tunduma mpaka Nakonde, upande wa Zambia, nikanunua kilo mbili. Nikazifukia kwenye sanduku la spana chini ya matambara ya grisi, wakati ule ambao mtu akikutwa na sukari ya magendo anaitwa mhujumu uchumi na kuwekwa ndani. Kutoka Mbeya nikapanda lori la mbao, kutoka Iringa mjini nikatembea kwa miguu mpaka Kalenga. Mama alikunywa chai ile akanishika mkono akasema, "Mwanangu, sasa nimekunywa." Siku ya tisa akafa, na uso wake ulikuwa mtulivu.

Siku tuliyomzika niliapa kwamba sitakunywa chai chungu, na atakayeingia kwangu hatakunywa chai chungu. Wajukuu wangu wananiita Babu Sukari. Jina hilo silirudishi.

Mguu ni mzima. Nilijikwaa kidogo, Dastan anakuza mambo.

Mdogo wako,
Clement


Iyunga, Mbeya,
13 Aprili 2023

Wifi yangu Yusta,

Shikamoo. Mume wangu hajui kwamba nakuandikia. Naomba barua hii ukishaisoma usiiache mahali.

Amekudanganya kuhusu mguu. Ganzi alikuwa nayo tangu mwaka jana, alikuwa anakanyaga bila kusikia vizuri. Mwezi wa tatu alishinda bustanini amevaa viatu vya mpira, na ndani kulikuwa na kajiwe. Hakukasikia. Jioni alipovua, soksi ilikuwa na damu. Akanawa kwa maji ya chumvi akasema yamekwisha. Sasa kidole gumba na cha pili yake ni vyeusi. Anavaa soksi mbili na kujipulizia manukato, lakini harufu naijua, wifi, nimeuguza mama yangu.

Nilimbembeleza tukaenda hospitali wiki iliyopita. Daktari alisema wakate vidole viwili sasa hivi, mguu utabaki. Yeye akasimama akasema, "Nimeingia na vidole kumi na nitatoka na kumi." Akatoka kweli. Njiani akanunua kilo tano za sukari, akaiweka katikati ya meza ili niione. Tangu siku hiyo anaikoroga kwa kelele.

Mimi hanisikii. Watoto wanamwogopa. Wewe ndiye uliyembeba mgongoni. Kama una neno lolote, sasa ndiyo wakati wake.

Wifi yako,
Anyitike


Kalenga,
17 Aprili 2023

Clement,

Sikusalimii. Anyitike ameniandikia, na usimguse kwa neno hata moja, maana amefanya ulichopaswa kufanya wewe.

Nina jambo nimelifungia kifuani miaka arobaini. Nilikusudia kuzikwa nalo. Keti ulisome.

Mama alikuwa na kisukari.

Mwezi mmoja kabla hujaja na sukari yako nilimpeleka hospitali ya misheni, nimempakia kwenye baiskeli ya kuazima. Walimpima mkojo. Daktari akaniita nje akasema ugonjwa umeshafika mbali, sindano zinazotakiwa hana na hajui zitafika lini. Akasema asipewe chochote kitamu, huenda akavuta miezi miwili mitatu. Nikamwambia Mama yote, sikumficha. Akaniuliza kama kuku wamefungiwa.

Kisha wewe ukaingia, miguu imekuvimba kwa safari, unanuka grisi, umekumbatia sanduku la spana. Ulipolifungua ulilia. Nilitoka kukufuata kule jikoni nikuambie. Mama akaniita kwa sauti ambayo sikujua bado anayo. Alisema hivi, nakumbuka kila neno: "Mtoto huyu amekubali jela kwa ajili yangu. Chai yake nitainywa. Sindano hakuna, kwa hiyo kufa nitakufa, lakini nitakavyokufa nitachagua mimi. Na ukimwambia neno, Yusta, nitakukana hata mbele ya Mungu."

Nikamkorogea. Siku nane nilimkorogea, asubuhi na jioni, wewe ukiwa umekaa kando yake umefurahi. Mkono uliotia sukari ni wangu, Clement, si wako. Usije ukajichukulia lawama.

Sasa nielewe vizuri. Mama hakunywa chai ile kwa sababu sukari ni upendo. Alikunywa kwa sababu njia zote zilikuwa zimefungwa, akakataa kufa kwa amri ya ugonjwa. Wewe njia yako iko wazi. Vidonge vipo, sindano zipo, hospitali ni mwendo wa bajaji. Umechukua ujasiri wa mama yetu ukaufanya kifuniko cha woga wako. Unaogopa kisu, basi, na woga huo umeupa jina la kiapo.

Nenda wakakukate vidole.

Yusta


Iyunga,
22 Aprili 2023

Barua yako nimeisoma mara moja nikaitia kwenye jiko la mkaa.

Miaka arobaini nimesimulia habari ile. Nimeisimulia harusini kwangu, nimeisimulia siku ya kuagwa kazini, wewe umekaa kiti cha mbele unapiga makofi. Sasa umeona umekosa fimbo, ukaenda kumfukua Mama unichape naye.

Mguu ni wangu. Usiniandikie tena.

Clement


Mbeya, hospitalini,
12 Mei 2023

Wifi yangu,

Jana wamemkata mguu wa kushoto, chini ya goti.

Juzi homa ilimpanda mpaka akaanza kuzitaja stesheni moja moja kwa sauti, kana kwamba yuko safarini kwenda Dar. Majirani wakanisaidia kumbeba. Madaktari walisema sumu imeingia kwenye damu, na wakichelewa mpaka kesho hawatakuwa na mtu wa kumkata. Alipopata fahamu wakamwekea fomu. Nilidhani atairusha. Aliisoma yote, mistari yote, mpaka daktari akaanza kutazama saa. Akatia sahihi yake ile ndefu ya kazini.

Kabla hawajamwingiza aliniomba barua yako. Nikamwambia aliichoma mwenyewe. Akasema, "Najua kilichokuwemo."

Wifi, usije kwanza. Amegeukia ukutani, hataki kuonwa na mtu wa kwao. Nikikuita, ndipo uje.

Anyitike


Kalenga,
4 Juni 2023

Mdogo wangu,

Ulisema nisikuandikie. Naandika. Ukitaka, choma na hii, mkaa haujapanda bei huko kwenu.

Kuna jambo la pili nililokuficha, na hili si la Mama, ni langu. Mwezi wa tatu Vaishali alirudi na majibu. Choo changu kilimfurahisha, alisema bakteria wangu ni wa aina nyingi kuliko wa watu wengi aliowapima mjini. Nilitembea siku hiyo kama niliyeshinda uchaguzi. Kisha akanivuta pembeni akaniambia sukari kwenye damu ni kumi na nne. Nikasema mashine yake imekosea. Akaja kesho yake asubuhi sijaweka kitu mdomoni, ikawa kumi na moja.

Nilimkasirikia kweli. Nikamwambia, "Mwaka mzima soda naionja Krismasi tu. Nakula ulezi, nakula mlenda, nalima kwa jembe. Uliniambia hawa bakteria wananilinda." Akanijibu taratibu, "Mama Dastan, nilisema wanasaidia, sikusema wanalinda kila kitu. Umri unao, damu ya mama yako unayo. Na ile sahani ya ugali uliyonionyesha ni ya watu watatu." Ndipo nilipojua kwamba ugali nao, ukiupakua kama mlima, mwisho wake kwenye damu ni sukari, hata kama ni wa ulezi.

Kwa hiyo nilipokuandikia mwezi wa nne nilikuwa nimeshapewa vidonge. Nilikuita mwoga huku vidonge vyangu nimevificha kwenye gunia la mbegu, Silvester asije akasema mwanamke wa kikopo naye anaumwa. Sikuombi radhi kwa kukuambia ukweli wa Mama. Ningeweza kukuambia miaka kumi iliyopita ukaokoa mguu, na hilo nitalibeba. Nakuomba radhi kwa kukuambia nikiwa nimesimama juu yako kama mtu mzima asiye na doa. Tulikuwa tumelala kitanda kimoja, wewe na mimi.

Juzi kwenye jumuiya nimesimama nikawaambia wote. Veneranda, mwenyekiti wa akina mama, akaniuliza kwa huruma kama sasa nitapumzika na shamba. Dastan naye anataka nihamie Mlandege nikae kwenye kochi. Nimemwambia aje na kamba. Nimegawa sahani yangu nusu, nusu ya pili nimeweka maharage na majani, vidonge nimevitoa kwenye gunia nimeviweka dirishani, na jembe liko palepale. Mwezi uliopita imeshuka mpaka saba.

Sijui unalala vipi bila mguu. Sijui hata cha kukuambia kuhusu hilo. Nakupenda, ila upendo hauoteshi mguu.

Yusta


Iyunga, Mbeya,
20 Septemba 2023

Dada Yusta,

Shikamoo. Hii sikuichoma. Nilikaa nayo chini ya mto miezi miwili kabla ya kuifungua, na nilipofika kwenye sahani ya watu watatu nilicheka mpaka Anyitike akaja mbio akidhani nimeanguka.

Kuhusu Mama nitasema mara moja tu. Nilimkasirikia yeye, nikakukasirikia wewe, kisha sikubaki na mtu wa kumkasirikia isipokuwa huyu aliyelala kitandani. Ulikoroga siku nane ukijua. Mimi nisingeweza hata siku moja. Sijui kama nimekusamehe, Dada, neno hilo bado halijakaa sawa mdomoni. Ila najua sitaki tena ulibebe peke yako. Tugawane.

Daktari hapa alinikumbusha, bila kuuma maneno, kwamba Aprili ingekuwa vidole viwili. Anyitike alikuwa anajaribu kumzuia asiseme. Nimemwambia nyumba hii imeshamaliza zamu yake ya kuficha.

Mwezi wa sita sikutoka chumbani. Wakwe walikuja kunipa pole kama wanaokuja matangani, wakaniongelea mbele yangu kwa sauti ya chini. Mzee mmoja akaniambia, "Sasa wewe kazi yako ni kusali na kungoja." Nilimuuliza kungoja nini. Siku hiyo ndiyo niliyoomba magongo. Nimeanguka mara sita, mara ya nne ndani ya banda la kuku. Mwezi wa nane nimepata mguu wa bandia. Unauma, unapiga kelele, na ninautembeza mpaka sokoni na kurudi, watu watazame.

Chai nakunywa bila sukari. Sitakudanganya, ni kama kunywa maji yaliyochemshiwa misumari. Maharage nakula kila siku, na majani, na unga wako kwa kipimo. Hao bakteria wako wamepata nguvu wanafanya mikutano ya hadhara tumboni, Anyitike amehamishia mto wake upande wa dirisha. Sijui kama wanaurudisha ujana. Ninachojua ni kwamba sukari yangu asubuhi ni saba na nusu, na kidonda cha kukatwa kimefunga vizuri kuliko daktari alivyotegemea. Wajukuu nimewaambia watafute jina jingine. Bado wanajadiliana.

Sasa nikueleze la Jumanne.

Kliniki ya kisukari huku ni kila Jumanne. Tunakaa kwenye mabenchi tangu asubuhi tukingoja kupimwa. Nimekaa pale wiki kadhaa nikitazama miguu, maana mtu aliyepoteza wake hutazama ya wenzake. Nikaona soksi mbili. Nikaona mtu amevaa kiatu kimoja na ndara moja, anasema amebanwa na kiatu. Nikasikia manukato, Dada. Nilijua ni mimi nimekaa pale, mara tano, mara sita.

Nikasimama katikati yao. Nikakunja suruali, nikafungua mikanda, nikauvua mguu nikauweka juu ya benchi. Nikasema, "Huu ni bei ya vidole viwili. Mwenye soksi mbili avue ya juu."

Muuguzi Devota akaja mbio. Ni mama mzuri, mchapakazi, lakini alikasirika. Akasema naogofya wagonjwa, presha zao zitapanda, na kama nina hotuba niipeleke kanisani. Nikamwambia mimi niliogopeshwa kwa upole miaka miwili, na tazama nilichobaki nacho. Akanitoa nje. Jumanne iliyofuata nikarudi, nikauvua tena. Akanitoa tena.

Mara ya tatu, nikiwa nje nafunga mikanda yangu, akanifuata mtu anaitwa Kalinga, fundi mwashi, umri wake hamsini hivi. Hakuniangalia usoni. Akauliza, "Mzee, walipokuambia vidole, ulikataa siku ngapi?"

Nikamwambia wiki tano.

Akasema, "Mimi ni ya tatu."

Nikamwambia avue. Alikataa, akavua. Kidole gumba, Dada, kama changu kilivyokuwa. Aliniambia hawezi kukatwa kwa sababu ngazi za ujenzi zinataka vidole, na mke wake atamdharau, na babake aliishi miaka themanini hajawahi kuingia hospitali. Nilimwacha amalize, maana sababu hizo nazijua zote kwa majina. Kisha nikamwambia, "Una haki ya kuwa mbishi. Lakini mbishie aliyekuja kukuua. Huyo daktari hakuja kukuua."

Tuliingia pamoja, mimi nikichechemea kwa sababu mikanda ya mguu sikuwa nimemaliza kuifunga. Alikatwa vidole viwili siku ileile. Wiki iliyopita nilimwona Iyunga kwenye jengo, hajapanda ngazi bado, yuko chini anaelekeza wengine na kufoka kama mtu mwenye miguu minne.

Usije kunitazama kitandani, sipo kitandani. Njoo mwezi wa kumi ukishamaliza kuandaa shamba, tutakaa barazani tubishane vizuri. Mletee Anyitike mbegu za maboga.

Devota amesema Jumanne ijayo atamwagiza mlinzi asinifungulie geti. Mlinzi yule nimemtazama anavyotembea. Anakanyaga kwa ncha ya mguu, kisigino hakishushi chini, na kiatu amekikanyaga nyuma.

Nitaanza na yeye.

Mdogo wako,
Clement